Herufi t kwenye Folda ya Matangazo

Cheo changu kilikuwa Ofisa Tehama. Kiliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa wa stoo, chini yake yalibaki maandishi ya zamani ya rangi: MAJEMBE NA MADUMU. Hakuna aliyeona haja ya kuyafuta. Nilikuwa nimetoka chuo na stashahada ya kompyuta, nikarudi kwetu Nyamwaga kama mtu anayekuja kuokoa taifa. Taifa likanikabidhi kompyuta chache za msaada, betri za sola na ufunguo wa stoo.

Redio yenyewe ilikuwa ya jamii, maana yake ilikuwa mali ya watu wote, kwa hiyo hakuna aliyekuwa tayari kuifagia. Ilikaa juu ya kilima, vyumba vitatu na mlingoti, na sauti yake ilifika Matongo, Nyanungu, na siku ambazo hewa imetulia ilivuka hadi vijiji vya Serengeti. Tulitangaza bei za ng'ombe mnadani, chanjo, mbuzi waliopotea, na misiba. Misiba ndiyo iliyotupa heshima. Mtu wa huku anaweza kukosa taarifa ya habari mwaka mzima na asidhurike. Akikosa tangazo la msiba wa mtu wa kwao, atajieleza mbele ya ukoo mpaka siku naye atakapotangazwa.

Kompyuta zetu zilitumia Linux, na sababu haikuwa ya kisomi. Kila mtangazaji alikuja na flash yake ya nyimbo, kila flash ilikuja na virusi wake, na Windows iliyokuwepo mwanzo ilikufa kifo cha polepole mbele ya macho ya wote. Linux haikusumbuliwa na virusi wale, na ilikuwa na adabu niliyoipenda. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, kisha kuna watu wengine wote duniani. Kila mmoja kati ya hao hupewa au hunyimwa ruhusa ya kusoma, ya kuandika na ya kuendesha. Niliwaeleza wenzangu haya siku yangu ya kwanza, kirefu, kwa michoro ubaoni. Walisikiliza kwa makini, wakauliza kama chai imeiva.

Kati ya wenzangu hao, wawili ndio waliokuwa redio. Asubuhi alikuwepo kaka mmoja Mwikoma, mwenye sauti nzito ambayo hakuna msikilizaji aliyeipenda kama alivyoipenda yeye mwenyewe. Jioni alikuwepo mama mmoja wa kwaya, Mkurya mwenzangu, aliyekuwa na uhakika kwamba Mungu alimkabidhi saa za jioni yeye binafsi, bila kupitia bodi. Juu yao alikuwa mkurugenzi wetu, mzee mstaafu wa serikali, mrefu, mwenye koti moja la kijivu kwa jua na kwa mvua. Mzee huyu alipenda vitu viwili, vikao na kuwa mwenyekiti wa vikao.

Nilitengeneza folda moja ya pamoja, nikaiita matangazo. Watangazaji wangerekodi matangazo yao na kuyaweka humo, na programu ingeyacheza yenyewe kwa saa zilizopangwa. Faili likiwepo linachezwa. Lisipokuwepo, programu inaruka na kupiga muziki, bila kumuuliza mtu. Niliweka pia alama ndogo, herufi s kwenye nafasi ya kundi, ili kila faili linaloingia humo liwe la kundi zima la watangazaji, wa asubuhi aweze kusikiliza la mwenzake wa jioni. Mkurugenzi alikuja kukagua.

"Hii folda ni ya nani?" aliuliza.

"Nimeiandikisha kwa jina langu, mzee, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa mfumo."

"Wewe ni mkurugenzi?"

"Hapana, mzee."

Niliandika amri, folda ikawa yake, naye akaitazama skrini kwa kuridhika kama mtu aliyekabidhiwa shamba lenye hati. Kisha akataka kujua ile herufi s ni ya nini. Kwa kuwa nilikuwa kijana na bado niliamini watu huuliza maswali ili wajibiwe, nikamweleza na ile s nyingine, ambayo programu ikiwekewa, mtu mdogo anaiendesha kwa nguvu za mwenye programu. Nikampa mfano wa kubadilisha nywila. Faili la nywila haliguswi na mtu yeyote ila msimamizi mkuu, lakini mtumiaji wa kawaida anaweza kubadilisha yake, kwa sababu programu ile inamwazima mamlaka kwa kazi hiyo moja tu.

"Kwa hiyo kuna herufi inayompa mtu mdogo nguvu za mkubwa wake?"

"Kwa muda, mzee. Akimaliza, zinarudi."

"Hiyo usiiweke kwenye ofisi hii," alisema, akaondoka.

Amani ya folda haikudumu. Kaka wa asubuhi alikuwa na tangazo la baa moja, lenye ngoma na kicheko cha mwanamke. Mama wa jioni alilisikia likichezwa katikati ya kwaya yake. Kesho yake tangazo la baa halikuwepo. Kesho kutwa, kwaya ya mama haikuwepo. Zikafuata salamu, vibwagizo, hata tangazo la mbuzi mmoja aliyepotea, mwenye sikio moja jeupe, ambaye hakuwa na dini wala kilevi. Kila mmoja alikuja stoo kwangu kwa wakati wake.

"Binti, yule mtu ananifutia kazi ya Bwana."

"Dada, mwambie yule mama hapa si kanisani."

Wote wawili walishangaa jambo lilelile, na kwa kweli hata chuoni lilitushangaza. Faili la mama lilikuwa la mama. Kaka hakuwa na ruhusa ya kulibadilisha hata neno moja. Lakini folda walimoliweka ilikuwa ya kuandikwa na wote, na mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda anaweza kutoa kitu chochote kilichomo, hata asichoweza kukifungua. Ni sawa na mtu asiyeweza kufungua sanduku lako, lakini hakuna anayemzuia kulibeba na kulitupa Mto Mara.

Dawa yake ni herufi moja. Wenye fani wanaiita biti inayonata. Ukiipachika kwenye folda, inatokea t mwishoni mwa safu ya ruhusa, na tangu hapo kila mtu anaweka chake, lakini hawezi kufuta cha mwenzake. Niliiweka mbele ya watu wote, kwenye kikao, kwa kuwa mzee hakuruhusu jambo lifanyike nje ya kikao. Kaka akajaribu kufuta kwaya. Kompyuta ikamkatalia. Mama akasema aleluya, akajaribu kufuta baa, ikamkatalia na yeye. Sijawahi kuona chumba kilichojaa watu wasio na furaha kiasi kile kwa sababu ya haki.

Basi tukakaa kwa utulivu. Kaka alitangaza baa, mama alimwimbia Mungu, mbuzi alipatikana. Mimi nilitembea kwenye ule ujia wetu mfupi kama mtu aliyesuluhisha koo mbili. Ndipo wakaja watu wa Nyanungu.

Walikuja asubuhi, wanaume watatu, wawili ndugu na mmoja baba yao mdogo. Hawakukaa walipokaribishwa. Walikuwa na matope ya njiani hadi magotini, na mkubwa wao alizungumza taratibu, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko kelele.

"Baba yetu amefariki. Tulimtuma mtu hapa na maelezo. Mkasema mtatangaza. Tumekaa, tumesubiri watu wa Nyamwaga, watu wa Matongo, watu wa saiga yake, wale waliotahiriwa naye. Hawakuja. Tumemzika sisi na majirani, kama mtu aliyeokotwa barabarani."

Mama wa jioni aliinuka, mkono kifuani. "Nililirekodi mimi mwenyewe. Kwa sauti yangu. Nikaliweka kwenye folda."

Tukaenda kutazama. Halikuwepo. Programu ilikuwa imeruka na kupiga muziki, tena kwa bahati ya ajabu, wimbo wa harusi.

Mama akamgeukia kaka. Kaka akasema yeye hana shida na marehemu, yeye ana shida na kwaya. Mama akasema mtu anayetangaza pombe hawezi kushindwa kufuta maiti. Baba mdogo wa Nyanungu alishika fimbo yake vizuri zaidi. Hapo ndipo mimi, kwa fahari ya stashahada yangu, nikajitokeza mbele.

"Hawezi kuwa yeye," nilisema. "Nimeweka t. Kwenye folda hii, faili linaweza kufutwa na watu watatu tu. Aliyelirekodi, mwenye folda, na msimamizi wa mfumo."

"Msimamizi wa mfumo ndiye nani?" aliuliza yule mkubwa.

Ni swali la kawaida kabisa. Nilikuwa na muda wa kutosha kuona linavyokuja.

"Mimi," nikasema.

Wale watu walinitazama. Kaka alinitazama. Mama, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa tayari kunirithisha kitabu chake cha nyimbo, alinitazama. Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti lake, aliangalia sakafu, akasema suala hili litashughulikiwa na kikao cha nidhamu, na kwamba familia itapewa majibu. Watu wa Nyanungu wakaondoka bila kuaga. Mimi nikaambiwa nikabidhi ufunguo wa stoo.

Nyumbani mama yangu alikuwa anamenya ndizi. Nilimweleza.

"Umeiba?" aliuliza.

"Hapana, mama. Wanasema nimefuta."

"Kufuta ni kuiba?"

"Ni kufuta tangazo la msiba."

Aliweka kisu chini. "Afadhali ungeiba," alisema.

Sikula. Nilikuwa nimekusanya ushahidi wa kutosha kujifunga mwenyewe, tena kwa lugha fasaha. Nilirudia mambo kichwani. Mama wa jioni hakufuta. Alilia machozi ya kweli, na machozi yake ya kanisani nayajua, ni tofauti. Mimi sikufuta. Basi wa tatu nilimwogopa hata kumfikiria, kama mtu anavyoogopa kumshuku babu yake. Na alikuwa amefuta nini? Nilipokumbuka vizuri, yapo matangazo mengine yaliyopotea, na wenyewe hawakuja kulalamika kwa kuwa walidhani tumechelewa tu. Mzee mmoja wa Matongo. Mwingine wa jirani na soko. Tangu niweke t, vibwagizo havikuguswa wala kwaya. Ni misiba tu iliyopotea, na si yote. Misiba ya wanawake ilisomwa, ya vijana ilisomwa.

Kikao cha nidhamu kilikaa chini ya mwenyekiti wake wa kudumu. Kulikuwa na mjumbe wa bodi aliyekuja kwa ajili ya soda, kaka, mama na mimi kwenye kiti cha peke yake. Mzee alifungua kwa sala, akasoma ajenda, akaanza kueleza umuhimu wa uaminifu kazini. Aliueleza vizuri mno, lakini mkono wake ulikuwa unazungusha kifungo kimoja cha koti mpaka uzi ukaanza kulegea. Mama wa jioni alimkatiza.

"Samahani, mwenyekiti. Huyu binti alisema watu watatu. Mimi ni mmoja, sikufuta. Yeye ni wa pili. Wa tatu ni mwenye folda. Sasa huyo mwenye folda ni nani? Mbona hatumwiti?"

Kaka alicheka kidogo. Alikuwa amekumbuka. Nadhani sote tulikumbuka kwa pamoja ile siku folda ilipokabidhiwa, kwa sababu mzee alikuwa ameitangaza kwenye kikao kingine na kuagiza iandikwe. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea mbele ya meza. Mjumbe wa bodi, ambaye hakuelewa kitu, aligeuka pia ili asibaki nyuma.

Mzee alikiachia kile kifungo. Kisha akasema, kwa sauti ya taratibu zote za utumishi wa umma, "Kikao kimeahirishwa."

Wengine walipotoka alinizuia kwa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa hata na hotuba. Akaniambia nikae.

"Ulinieleza kwamba mwenye folda anaweza," alisema. "Siku ile ulipoweka hiyo t. Niliitikia kwa kichwa. Nilielewa, usidhani sikuelewa."

"Ndiyo, mzee."

"Nikifika asubuhi nafungua folda kwanza. Naangalia nani ametutoka. Yule wa Matongo tulitahiriwa siku moja. Alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Niliona jina lake kwenye faili, nikalifuta. Nikasema mchana nitamwambia mama arekodi tena." Alikishika tena kile kifungo cha koti. "Mchana ule nilikula chakula changu vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyenipa pole. Alikuwa bado hajafa."

Hotuba yangu haikuwa na sehemu hiyo.

"Tulikuwa wengi," alisema. "Sasa tukikutana tunaenea kwenye benchi moja. Wewe bado hujui. Siku moja utafungua hiyo kompyuta na kukuta wanafunzi wenzako."

"Mzee, watoto wa yule wa Nyanungu wamemzika peke yao."

"Najua. Nilikuwepo hapa wakisema."

Hilo ndilo lililonikasirisha, na hasira ikanisaidia. Nilimwambia kwamba aliposikia alinyamaza na kuniacha nichukue lawama, na kwamba ufunguo wa stoo anao yeye. Aliutoa mfukoni akauweka mezani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkurugenzi na hakuwa amezoea kuomba, akatoa agizo: twende Nyanungu, mimi na yeye, na niandike kwamba ni safari ya kikazi.

Tulienda kwa bodaboda mbili. Njia ya Nyanungu ina vumbi lisilobagua vyeo, na tulipofika koti la kijivu lilikuwa jekundu. Wale ndugu wawili walikuwa zizini. Walituona, wakamwita mama yao, mjane, bibi mfupi mwenye khanga kichwani na macho makavu.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba." Alimtazama mzee. "Wewe nakujua. Ulikuja hapa tulipooana. Ulikula sana."

Mzee alisimama akasema yote. Hakuzunguka. Alisema ni yeye aliyefuta, si mtoto huyu, na si mama yule wa kwaya, kwa sababu hakutaka kusikia. Yule mkubwa wa ndugu alitema mate pembeni. Nikahesabu kimoyomoyo umbali hadi kwenye pikipiki.

"Hukutaka kusikia," alisema mjane. "Na sisi tulitaka?"

Mzee alianza kukung'uta vumbi kwenye koti.

"Umekuja na ng'ombe?"

"Nitaleta."

"Ng'ombe tunao. Lile tangazo unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Basi lisome."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, palipokuwa na udongo mpya uliorundikwa. Sisi tukafuata. Mzee alivua kofia. Alianza kwa sauti ndogo, ile ya ofisini, na mjane akamwambia, "Redio haisikiki hivyo. Watu wa Matongo watasikiaje?" Akaanza upya, kwa nguvu, kichwa juu, akitangaza kwa huzuni kifo cha mzee fulani wa Nyanungu, akataja watoto wake, wajukuu wake, shemeji zake walioko Sirari na wale wa Mugumu, kisha akaongeza kitu ambacho mama wa jioni hakukirekodi. Alitaja majina ya saiga yao, mmoja mmoja, waliobaki na waliotangulia. Sauti ikamkatika katikati, akasubiri, akaendelea.

Ng'ambo ya bonde jirani mmoja alisikia. Alichoelewa ni kwamba kuna msiba mwingine. Akapiga ukunga, na mwenzake akaupokea, na kabla hatujajua la kufanya wanawake walikuwa wanakuja mbio kutoka kila upande wakiuliza nani tena, nani tena. Mjane aliwatazama wakiingia. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

"Ni huyuhuyu," aliwaambia. "Karibuni. Hamkuja vya kutosha mara ya kwanza."

Basi walikaa. Ikapikwa uji wa ulezi, yakaletwa maziwa, wazee wawili wakatokea na fimbo zao na kukaa na mkurugenzi wetu kwenye kivuli cha ghala, na sikuwa nimewahi kumwona akiwa kwenye kikao asichokuwa mwenyekiti wake. Yule mkubwa wa ndugu hakumsamehe, au hakusema kama amemsamehe. Alinisindikiza mimi tu hadi barabarani, akanipa mkono, akaniambia pole.

Tuliporudi, mzee aliitisha kikao. Ajenda ilikuwa moja: umiliki wa folda. Niliunda akaunti isiyo ya mtu, isiyoweza kuingia kwenye kompyuta wala kukaa kwenye kiti, nikaipa folda ile, na t ikabaki mahali pake. Mzee akauliza kama sasa yeye anaweza kufuta. Nikamwambia hawezi. Akajaribu mbele ya wote, kwenye tangazo la chanjo, ikamkatalia. Akasema, "Vizuri," kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Kaka wa asubuhi akapendekeza kwamba msimamizi wa mfumo naye azuiwe. Nilieleza kwamba haiwezekani, lazima awepo mmoja. Wakanikazia macho kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo faili lolote likipotea, hata picha za harusi ya binamu wa mlinzi, wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Mvua za vuli zilipoanza lilikuja tangazo jingine, mzee wa Nyamwaga, wa saiga ileile. Mama alilirekodi. Lilipochezwa mchana mkurugenzi alikuwa nje kwenye benchi, na spika ya mapokezi ilikuwa wazi. Alilisikiliza mpaka mwisho. Akafunga vifungo vya koti, akasimamisha bodaboda, akaenda kuzika. Alirudi kesho yake na udongo kwenye viatu, macho mekundu, akaingia moja kwa moja jikoni na kuuliza kwa ukali nani amemaliza sukari.